Mchezaji Mweusi na Sifa Zinazomfunga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa makocha wa vijana, walimu wa michezo, watangazaji wa redio na wazazi wa Mtwara na Lindi ambao vijana wao wanatazama mbali kuliko viwanja vya Nangwanda Sijaona au Ilulu. Mifano mingi imetoka Marekani na Ulaya kwa sababu huko ndiko mambo haya yalikopimwa na kuandikwa. Maswali ya nyumbani yako kuanzia namba 8.

## Mambo ya msingi

1. Dhana potofu za rangi michezoni ni zipi hasa?

Ni hukumu inayomtangulia mchezaji kabla hajagusa mpira. Kwa mwanamume mweusi anayecheza kwa malipo, zinazojirudia ni hizi: mwili wake amezaliwa nao, hivyo hakutoa jasho kuupata, akili yake ya mchezo ni fupi, ni mkali na hana nidhamu, haumii kama wenzake, na akipata pesa ataziponda. Zinatembea pamoja. Anayeanza na ile ya mwili, hata kwa nia njema, kwa kawaida haishii hapo.

2. Kusema mtu ana nguvu na kasi ni kumsifu. Ubaya uko wapi?

Ubaya uko kwenye mgawanyo wa sifa. Mwaka 2020 kampuni ya utafiti ya RunRepeat, pamoja na chama cha wachezaji wa kulipwa cha Uingereza (PFA), walichambua mechi 80 za ligi kuu za Uingereza, Hispania, Italia na Ufaransa zilizotangazwa kwa Kiingereza, jumla ya kauli 2,073. Watangazaji walikuwa na uwezekano mara 6.59 zaidi wa kuzungumzia nguvu pale mchezaji alipokuwa na ngozi nyeusi, na mara 3.38 zaidi wa kuzungumzia kasi. Sifa za akili zilikwenda kinyume: asilimia 62.6 zilimwangukia mwenye ngozi nyeupe, na asilimia 63.3 ya lawama za akili zikamwangukia mweusi.

Hakuna tusi katika kauli hizo. Lakini klabu inatafuta nahodha, kiungo mchezeshaji na baadaye kocha kwa mtu anayesifiwa kichwa. Anayesifiwa misuli anatafutiwa kazi ya misuli, na misuli ikichoka akiwa na miaka 32 hana anachokumbukwa nacho.

3. Lakini si ni kweli kwamba mwili wa mtu mweusi umeumbiwa michezo?

"Mtu mweusi" si aina moja ya mwili. Tazama hapa hapa Tanzania. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3:32.16, ni wa Karatu. Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2025, ni wa Singida. Wanariadha wetu wa mbio ndefu wengi wametoka nyanda za juu namna hiyo, si Mikindani wala Kilwa Masoko, na ngozi zetu ni zilezile. Mwinuko wa ardhi, desturi ya kukimbia na makocha waliokuwapo vinaeleza mengi ambayo rangi haiwezi kueleza.

Jeni nayo haisaidii hoja hiyo kama watu wanavyodhani. Ile inayotajwa sana, ACTN3, ina toleo linalohusishwa na misuli ya kasi. Karibu asilimia 18 ya watu wa Ulaya hawana protini yake kabisa, ilhali Kenya wasio nayo ni kama asilimia 1. Kwa hesabu hiyo Kenya ingepaswa kujulikana kwa mita 100, lakini kilichoipa jina ni mbio ndefu.

Historia inachekesha zaidi. Kabla ya Jack Johnson kutwaa ubingwa wa dunia wa ngumi za uzito wa juu huko Sydney, tarehe 26 Desemba 1908, hadithi ilikuwa kwamba mweusi ni dhaifu na mwoga ulingoni. Weusi walipoanza kushinda, hadithi ikageuzwa: sasa wanashinda kwa sababu wako karibu na wanyama. Mwaka 1936 Montague Cobb, mtaalamu wa anatomia wa Howard University, alimpima bingwa wa mbio Jesse Owens na kukuta kigimbi chake hakifanani na kile kilichodaiwa kuwa cha "mtu mweusi". Vipimo vilikuwa mezani, na hadithi ikaendelea kama kawaida.

4. Kama si mwili, mbona wamejaa kwenye kikapu Marekani?

Goli la kikapu liko kila mtaa na mpira mmoja unatosha watu 10. Linganisha na besiboli: Wamarekani weusi walikuwa karibu asilimia 18 ya wachezaji wa ligi kuu mwaka 1991, na mwaka 2024 walikuwa asilimia 6. Miili haikubadilika kwa miaka 33. Kilichobadilika zaidi ni gharama: kijana wa besiboli siku hizi hupitia timu za kulipia, safari za kulipia na kocha wa kulipia.

5. Nasikia mifupa ya mtu mweusi ni mizito, ndiyo maana haogelei.

Muulize hilo mtoto wa Kilwa Kivinje. Anthony Nesty wa Suriname, mweusi, alitwaa dhahabu ya mita 100 mtindo wa kipepeo katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, akimzidi Matt Biondi wa Marekani kwa mia moja ya sekunde. Huogelea mtu aliyefundishwa na mwenye maji ya kufanyia mazoezi.

## Dhana inapogeuka namba, mshahara na matibabu

6. Ni kweli wachezaji weusi walikuwa wakipangwa namba kwa rangi?

Ni kweli, na ilipimwa. Mwaka 1970 watafiti John Loy na Joseph McElvogue walionyesha kwamba katika futiboli ya Kimarekani na besiboli weusi walirundikwa pembeni, kwenye namba za kukimbia na kupokea, huku namba za katikati zinazoamua mchezo zikiachiwa weupe. Mfano mkubwa ni kwotabeki, yule anayesoma ulinzi wa wapinzani na kugawa mpira.

Warren Moon alikuwa kwotabeki bora chuoni, lakini mwaka 1978 hakuna timu ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, iliyomchagua katika uteuzi wa wachezaji wapya. Akaenda Canada, akatwaa ubingwa miaka mitano mfululizo na Edmonton, kisha akarudi NFL. Mwaka 2006 akawa kwotabeki mweusi wa kwanza kuingia katika jumba la heshima la mchezo huo. Doug Williams alikuwa wa kwanza mweusi kuanza na kushinda Super Bowl, fainali ya NFL, kwenye namba hiyo, Januari 1988, Washington 42, Denver 10. Ilibidi kusubiri hadi Februari 2023 ndipo timu zote mbili za fainali zianze na makwotabeki weusi, Patrick Mahomes na Jalen Hurts. Na bado mwaka 2018 Lamar Jackson alishauriwa hadharani ahamie namba ya kupokea mipira. Alikataa, akachaguliwa wa 32 katika uteuzi wa wachezaji wapya, na msimu wa 2019 akawa mchezaji bora wa ligi kwa kura zote.

Sababu iliyotolewa kila mara ilikuwa kwamba "kasi yake itapotea bure pale katikati". Kocha wa Masasi anayemtoa kijana namba sita kwa hoja hiyo asome swali la 10.

7. Ulaya kwenye soka nako ni hivyo?

Mwaka 1991 Ron Noades, mwenyekiti wa Crystal Palace, alisema kwenye televisheni kwamba baridi ya katikati ya msimu ikifika unahitaji weupe wagumu wa kuwabeba weusi wenye ufundi. Angalia inavyogeuka: hapo mweusi ndiye fundi, na udhaifu wake ni roho. Ufaransa, mwaka 2011, ilifichuka kwamba viongozi wa shirikisho walijadili kupunguza vijana wenye uraia pacha kwenye vituo vya mafunzo. Laurent Blanc, kocha wa taifa wakati huo, alisikika akisema kwamba wakubwa na wenye nguvu wanaofundishwa vituoni ni weusi. Aliomba radhi, na uchunguzi haukumkuta na hatia. Mwaka 2014 Willy Sagnol, kocha wa Bordeaux, alisema mchezaji wa Kiafrika ana faida ya kuwa rahisi kwa bei, tayari kupambana na mwenye nguvu, kisha akaongeza kwamba soka ni ufundi, akili na nidhamu pia.

Hilo la bei ndilo lisilozungumzwa vya kutosha. Ukishauzwa kama nguvu, unalipwa kama nguvu, na nguvu wanaiona inapatikana kila mahali.

8. Sisi tunaolilia kocha mzungu hatumo?

Tumo, tena kiti cha mbele. Mchezaji akionekana ni mwili, anayemwongoza lazima awe kichwa, na kichwa tumeshaamua kina rangi gani. Marekani walilisema wazi: tarehe 6 Aprili 1987 Al Campanis, kiongozi wa timu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers, aliulizwa na televisheni ya ABC kwa nini hakuna mameneja weusi, akajibu kwamba huenda hawana baadhi ya mambo yanayohitajika. Ndani ya siku mbili alikuwa hana kazi. NFL nayo ilifika mwaka 2003 ikalazimika kutunga kanuni kwamba timu inayotafuta kocha mkuu imhoji angalau mtu mmoja asiye mweupe.

Sasa tazama kwetu. Taifa Stars ilirudi AFCON mwaka 2019, baada ya kukosekana tangu 1980, ikiwa na Emmanuel Amunike wa Nigeria. Ilifuzu AFCON ya 2025 kwa kuifunga Guinea 1-0 mwezi Novemba 2024 chini ya Hemed Suleiman, mzawa. Ubingwa wa Afrika umetwaliwa na Stephen Keshi mwaka 2013, Aliou Cissé mwaka 2022 na Emerse Faé mwaka 2024. Faé alikabidhiwa Ivory Coast katikati ya mashindano, baada ya kipigo cha 4-0. Kombe la Dunia la 2022, timu zote tano za Afrika zilikuwa na makocha Waafrika. Kocha mzungu mzuri aajiriwe bila kinyongo. Tunachokataa ni wasifu wa mwenzake mweusi kutofunguliwa.

9. Je, dhana hizi zinaweza kumdhuru mtu kiafya?

Ndiyo, na hapa ndipo zinapotisha. NFL ilikubali kuwalipa wastaafu walioharibika ubongo kwa vipigo vya kichwa. Lakini katika kupima nani ameathirika, madaktari waliruhusiwa kutumia vipimo vilivyochukulia kwamba mweusi huanza na uwezo mdogo wa akili kuliko mweupe. Matokeo yake, mzee mweusi na mzee mweupe wenye alama sawa za mtihani, mweupe alionekana mgonjwa na mweusi akaonekana yuko kawaida yake. Wastaafu wawili weusi, Kevin Henry na Najeh Davenport, walifungua kesi mwaka 2020, na mwaka 2021 ligi ikakubali kuuacha utaratibu huo.

Kwetu dhana hii huja kwa maneno ya kutania: "huyu kichwa chake jiwe, mwagie maji arudi." Usimrudishe. Aliyegongwa kichwa akazubaa, akauliza jambo lilelile mara mbili, akayumba au akahisi kichefuchefu, mchezo wake kwa siku hiyo umekwisha, hata kama anasisitiza yuko fiti. Asiachwe peke yake na asipewe pikipiki aendeshe. Apumzike saa 24 hadi 48, kisha aanze kutembea, kukimbia taratibu, mazoezi ya mpira bila kugongana, kila hatua si chini ya siku moja. Dalili zikirudi, anarudi hatua moja nyuma. Mazoezi ya kugongana yasubiri ruhusa ya daktari. Akitapika mara kwa mara, akipata degedege, akilegea upande mmoja au mboni za macho zikitofautiana ukubwa, mkimbizeni hospitali papo hapo: Ligula kwa mlioko Mtwara mjini, Sokoine kwa Lindi mjini.

## Kazi ya kocha, mtangazaji na mzazi

10. Niwapangeje namba vijana bila kuangukia mtego huu?

Chini ya miaka 12, kila mtoto apite namba zote ndani ya msimu, golini pia. Kosa la kawaida ni kumchukua aliyewahi kubalehe, mrefu na mpana, kumweka beki wa kati na kumwambia "ondoa". Akifika miaka 16 wenzake wamemfikia kimo, na yeye hajawahi kufundishwa kupokea mpira akiwa amegeukia lango lake.

Wape wote zoezi la akili. Mzunguko wa wanne kwa wawili, eneo la hatua 10 kwa 10, na kila mmoja lazima atazame nyuma ya bega kabla pasi haijamfikia. Kocha anasimama nyuma yake na kuinua vidole, mpokeaji anataja idadi kabla ya kugusa mpira. Dakika 12 zinatosha. Mwezi mmoja baadaye utashangaa nani ana akili ya mpira, na mara nyingi si yule uliyemdhania.

11. Mtangazaji wa redio atajipimaje?

Rekodi matangazo yako ya mechi moja nzima, iwe ya Namungo pale Ruangwa au ya ligi ya Ulaya. Chora safu nne: mwili, ufundi, akili, na ya nne ya juhudi na nidhamu kwa pamoja. Kila kauli kuhusu mchezaji iwekee alama, ya sifa au ya lawama, pamoja na jina lake. Mtu wa pili asikilize rekodi ileile bila kuona karatasi yako, kisha mlinganishe, kwa sababu kila mtu hujipendelea. Tahadhari moja: winga atatajwa kasi kwa haki kabisa, hivyo linganisha winga na winga, beki na beki. Mechi moja haitoshi kuhukumu; fanya tano au sita.

Ukishajua tatizo liko wapi, dawa ni kueleza kitendo. Badala ya "ana nguvu balaa huyu", sema: "aliingiza bega kati ya beki na mpira kabla pasi haijafika." Msikilizaji wa Newala asiye na televisheni atakushukuru pia, maana sasa anaona.

12. Kijana anatengeneza video ya kutuma kwa maskauti. Aweke nini?

Dakika tatu hadi tano, si zaidi. Wengi hujaza mbio na mashuti, na skauti akimaliza anaandika "nguvu, kasi" na kwenda kwenye video nyingine. Theluthi moja ya vipande vionyeshe maamuzi: kuziba njia ya pasi, kubadili upande wa mchezo, kumwelekeza mwenzake. Kila kipande kianze sekunde tano kabla hajapata mpira, maana akili huonekana hapo. Mzungushie duara mwanzoni ajulikane. Muziki ondoa. Maelezo yataje namba anazocheza, mguu anaoutumia, dakika alizocheza msimu huo na lugha anazozungumza. Mechi moja kamili iwe tayari wakiiomba.

Kumbuka kanuni za FIFA zinazuia uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Wakala anayemwahidi wa miaka 15 klabu ya Ulaya kwa "ada ya usajili" anataka ada tu.

13. Mbona wachezaji wetu hushukiwa umri kila mahali?

Hapa kuna dhana na kuna ukweli, na kuvichanganya hakusaidii. Udanganyifu wa umri upo. Mwaka 2017 Serengeti Boys walipata nafasi ya kwenda AFCON ya vijana Gabon baada ya Congo ya Brazzaville kuondolewa, kwa kuwa mchezaji wao hakufika kupimwa. Dhana potofu ni kumhukumu mtu kwa sura. Joseph Minala wa Cameroon, kijana wa Lazio, alivumishiwa mwaka 2014 kwamba ana zaidi ya miaka 40. Shirikisho la Italia likachunguza na kumkuta hana kosa.

Kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono, kilichoanza kutumika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009, huangalia kama mfupa umemaliza kuunga. Hakitoi tarehe ya kuzaliwa. Kinga yako ni karatasi zinazokubaliana: cheti cha kuzaliwa cha RITA, kadi ya kliniki, cheti cha shule ya msingi na pasipoti, jina likiandikwa herufi kwa herufi sawa. Cheti kilichokatwa wiki moja kabla ya majaribio ndicho kinachozua maswali.

14. Mchezaji akitukanwa rangi uwanjani afanyeje?

Asitoke uwanjani kwa hasira, maana kutoka bila ruhusa ya mwamuzi ni kadi ya njano. Aoneshe ishara iliyopitishwa na FIFA mwezi Mei 2024, mikono kupishana kwenye vifundo, na nahodha aende kwa mwamuzi. Zipo hatua tatu: kusimamisha mchezo na kutoa tangazo, kuwapeleka wachezaji vyumbani kwa muda, na kuvunja pambano. Mwandikie kamisaa wa mechi siku hiyohiyo: dakika, jukwaa, maneno yenyewe bila kuyapunguza ukali, majina ya mashahidi. Video ya simu ihifadhiwe bila kukatwa. Kesi nyingi hufa kwa ripoti inayosema tu "alitukanwa".

Kifungo kinawezekana. Mashabiki watatu waliomtukana Vinícius Júnior uwanjani Mestalla, Hispania, mwezi Mei 2023 walihukumiwa miezi minane jela mwaka uliofuata.

## Maswali yenye utata

15. Tukisema Waghana na Wakongo wa Ligi Kuu yetu "wana nguvu tu", nao ni ubaguzi?

Rangi ni moja, utaratibu ni uleule. Umechukua uraia ukauweka mahali pa rangi. Hesabu ya swali la 11 inafaa hapa bila kubadili kitu.

16. Tunaita Simba "Mnyama". Mbona mchezaji mweusi kuitwa mnyama Ulaya ni kosa?

Mnyama wa Msimbazi ni nembo ya klabu, na mashabiki wenyewe ndio walioipenda. Mchezaji mweusi mbele ya jukwaa linalotoa sauti za nyani yuko kwenye historia nyingine, ile ya swali la 3. Mtangazaji wa Kiswahili anaweza kuendelea na Mnyama wake kwa amani. Akitangaza mechi ya Ulaya, amwache mnyama nyumbani.

17. Mashabiki waliimba kusifu maumbile ya siri ya Lukaku. Ni utani tu, au?

Ilikuwa Manchester United, Septemba 2017. Waliimba mashabiki wa timu yake mwenyewe, kwa mapenzi. Kick It Out, shirika la Uingereza linalopinga ubaguzi kwenye soka, walisema ni ubaguzi, na Lukaku mwenyewe akaomba waache. Mapenzi hayakuibadilisha maana: bado ni mtu kupunguzwa kuwa kiungo cha mwili.

18. Na habari za magari na nyumba zao?

Desemba 2018 Raheem Sterling aliweka hadharani vichwa viwili vya habari vya gazeti moja kuhusu vijana wawili wa Manchester City waliowanunulia mama zao nyumba. Phil Foden, mweupe, alionekana mtoto mwema. Tosin Adarabioyo, mweusi, aliandikwa kama anayetapanya pesa ilhali hajaanza hata mechi moja ya Ligi Kuu. Mhariri apime kwa njia rahisi: abadilishe jina kwenye kichwa cha habari, asome tena.

19. Mchezaji mwenyewe akijivunia nguvu zake, tumkataze?

La. Mwili wake ni kazi yake, ameujenga kwa miaka, na hilo lisemwe: saa za mazoezi, chakula, usingizi. Anayemkosea ni yule anayesema alizaliwa nao.